Kuhama na Vyombo vya Kupikia Bia: Safisha, Kausha, Ndipo Ufungashe

Nimehama mara nne na vyombo vyangu vya kupikia bia nyumbani. Mara ya kwanza niliviosha harakaharaka usiku wa kuamkia safari, nikavifunika vikiwa bado na majimaji, nikavipakia. Wiki tatu baadaye nilipobandua mfuniko wa ndoo ya kuchachushia, nilipokelewa na harufu ya nguo zilizovundia kwenye beseni. Pale juu, mfuniko unapokalia, ndoo ilikuwa imeota utando wa kijivu unaoteleza ukiugusa kwa kidole. Ndoo ile sikuipikia tena.

Tangu siku hiyo nina sharti moja: chombo hakiingii kwenye boksi mpaka kiwe kikavu ndani na nje. Taka kidogo iliyokaukia nitaiosha nikifika. Unyevu uliofungiwa gizani ndio unaozalisha kuvu na bakteria. Hatua zote zilizo hapa chini zinazunguka sharti hilo.

Hatua ya 1: Acha kupika mapema

Hesabu ukirudi nyuma kutoka siku ya kuhama. Bia ya kawaida huchukua kama wiki mbili kuchachuka, kisha wiki mbili nyingine ndani ya chupa hadi ishike gesi. Ongeza wiki mbili za kuosha na kukausha. Kwa hiyo upishi wa mwisho uwe wiki sita kabla ya safari.

Nasisitiza hili kwa sababu bia iliyo katikati ya kuchachuka haipendi kusafirishwa. Mtikisiko huamsha masimbi yaliyotulia chini. Kama uchachukaji umekwisha, mtikisiko huohuo huichanganya bia na hewa, na oksijeni huipa ladha ya karatasi iliyolowa. Hakuna namna ya kuiondoa ladha hiyo.

Ikikubidi kusafiri nayo, chombo kisimame wima, kizibo cha hewa (kile kinachotoa gesi bila kuingiza hewa) kiwe na maji yenye dawa ya kuua vijidudu mpaka kwenye alama tu, na usikibadilishe kwa kizibo kigumu kisichopumua. Hamira bado inatoa gesi, na gesi ikikosa njia itaitafuta kwa nguvu.

Bia iliyokwisha kuwekwa kwenye chupa husafiri vizuri ikiwa imesimama, kivulini, mbali na joto. Ukifika iache itulie siku kadhaa ili hamira ishuke. Ila ukifungua chupa moja ya mkupuo huo ikamwaga povu hadi mezani, usizipakie zilizobaki. Gesi imezidi, na chupa zinaweza kupasuka njiani. Zipoze sana, zifungue moja moja ukiwa umevaa glavu na miwani ya kazi, umwage.

Hatua ya 2: Fungua kila kinachofunguka

Piga picha kabla ya kufungua chochote. Koki, kegi (mapipa ya chuma ya bia yenye gesi), mipira, mahali washa (pete bapa ya kuziba kiungo) inapokaa na upande inapoelekea, vyote vipige picha. Utanishukuru siku ya kuunga upya.

Anza na koki ya sufuria. Yangu niliiamini kwa miaka miwili. Kila nikimaliza kupika nilipitisha maji ya moto, yakitoka meupe nikajua kazi imekwisha. Siku nilipoifungua kwa spana mbili kwa ajili ya kuhama ndipo nikaona nilichokuwa nikikitunza. Ndani ya koki ya aina hii kuna tufe la chuma lenye tundu katikati. Ukiligeuza, maji ya kimea hujipenyeza kwenye nafasi nyembamba kati ya tufe na ukuta wa koki, na maji ya kusuuzia hayafiki pale. Nilikuta uji mzito wa kahawia umegandamana nyuma ya washa nyeupe, unanata kama molasi na kunuka siki. Bia zangu tatu za mwisho zilikuwa na uchachu ambao nilikuwa nikiilaumu hamira.

Kama koki yako ni ya vipande vitatu, ifungue yote. Kama ni ya kipande kimoja isiyofunguka, iloweke ikiwa nusu wazi, uigeuzegeuze ndani ya maji ya moto yenye dawa hadi isitoe kitu tena.

Kegi nazo zina utaratibu wake, na usiuruke. Kwanza toa gesi yote kwa kuvuta vali ya usalama iliyo kwenye mfuniko, mpaka isikike kimya. Usiguse spana kabla ya hapo, kwa sababu kiungo kilichobanwa na gesi huruka kama jiwe la manati. Kisha fungua viungo viwili vya juu na uchomoe mirija. Mrija mrefu ni wa bia, mfupi ni wa gesi. Kwa kawaida kegi ya lita 19 ina oringi tano, yaani pete za mpira za kuzuia kuvuja: moja kubwa ya mfuniko, mbili za nje ya viungo, mbili ndogo za mirija. Zihesabu. Za kila kegi ziweke kwenye mfuko wake na uandike jina la kegi kwa wino. Oringi iliyopasuka, iliyobonyea au inayonuka kinywaji cha zamani usiihamishe, weka mpya.

Hatua ya 3: Osha

Watu wengi huchanganya kusafisha na kutakasa. Kusafisha ni kuondoa uchafu unaoonekana na usioonekana: mafuta ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), protini, mabaki ya hamira. Kutakasa ni kuua vijidudu juu ya kitu ambacho tayari ni safi. Dawa ya kutakasa haipenyi uchafu, vijidudu hujificha chini yake salama salimini. Kabla ya kuhama kazi yako ni kusafisha tu. Kutakasa kunangoja siku ya kupika, hivyo usimalize dawa yako sasa.

Mimi hutumia perkaboneti ya sodiamu, ile poda nyeupe inayotoa oksijeni ikikutana na maji. Kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4, maji ya nyuzi 50 hadi 60, loweka nusu saa. Pale povu la hamira lilipokaukia na kuwa gumu kama gamba, acha usiku kucha. Asubuhi gamba hung'oka lenyewe, huhitaji nguvu. Suuza mara mbili tatu. Kama maji yako ni magumu utaona ukungu mweupe ukibaki: pitisha maji yenye siki kidogo au asidi ya sitriki, utaondoka.

Yapo mambo ambayo ukiyakosea utapoteza chombo au utaumia.

Usifunge kabisa chombo chenye maji ya perkaboneti. Oksijeni hujazana ndani na presha hupanda.

Sufuria ya alumini usiiloweke muda mrefu humo, itageuka nyeusi. Ioshe kwa sabuni ya kawaida na sponji laini. Kostiki soda usiikaribishe kabisa kwenye alumini, huila.

Ndoo ya plastiki usiisugue kwa brashi ngumu wala nyuzi za chuma. Kila mkwaruzo ni nyumba ya bakteria ambayo dawa haitaifikia. Ukipitisha ukucha ndani ya ndoo ukahisi mifereji, ifanye ya kuhifadhia kimea.

Dumu la kioo halipendi mabadiliko ya ghafla ya joto. Maji ya moto ndani ya kioo baridi hulipasua. Tumia maji ya uvuguvugu na uongeze muda wa kuloweka.

Dawa ya klorini ya kufulia sipendi kuiona karibu na bia. Hutoboa vitundu vidogo kwenye chuma kisichoshika kutu, na mabaki yake huipa bia ladha ya plasta ya kidonda. Ukiitumia kwenye plastiki, suuza sana, na kamwe usiichanganye na siki wala asidi yoyote. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ni sumu.

Ukiona kwenye kegi au tangi la chuma tabaka gumu, la kijivu au kahawia hafifu, lisilotoka kwa perkaboneti, hilo ni jiwe la bia, yaani oksaleti ya kalisi iliyoganda. Linahitaji asidi, kwa mfano dawa yenye asidi ya fosforiki, kwa kipimo cha kwenye kibandiko chake. Suuza perkaboneti yote kwanza, kisha ndipo uweke asidi, glavu mkononi.

Hatua ya 4: Kausha

Ndoo, kegi na dumu vikae kichwa chini lakini vimeinuliwa, mdomo usiguse sakafu. Ukivikandamiza juu ya taulo, unyevu unabaki ndani. Mimi huweka vijiti viwili chini ya mdomo ili hewa ipite. Baada ya siku moja navigeuza mdomo juu, mahali penye upepo lakini pasipo na vumbi.

Mipira ndiyo yenye ukaidi. Shika ncha moja, toka nje, uzungushe hewani kwa nguvu kama unayetupa kombeo, maji yatatoka kwa ncha ya pili. Kisha uning'inize wima, ncha zote mbili zikiangalia chini, kwa siku mbili au tatu. Mpira wenye madoa ndani, uliogeuka rangi ya maziwa na hautakati, utupe. Mpira ni kitu cha bei ndogo kuliko mkupuo mzima wa bia.

Koili ya shaba ya kupozea ina maji ndani yake hata ukiigeuza vipi. Puliza upande mmoja kwa pampu huku ukiiinamisha upande wa pili, rudia hadi itoke hewa tupu. Ikipita mahali pa baridi kali na maji ndani, maji yakiganda yataipasua.

Kujua kama chombo kimekauka kweli, kifunike usiku mmoja mahali penye joto. Asubuhi chungulia upande wa ndani wa mfuniko. Tone moja likionekana, kirudishe kwenye upepo.

Kinu cha kimea hakioshwi kwa maji hata kidogo. Brashi kavu na upepo vinatosha.

Hatua ya 5: Fungasha

Vitu vigumu vimeze vidogo: sufuria ibebe koili, koili izunguke mfuko wa koki, ndoo ziingiane. Kati ya ndoo na ndoo weka kitambaa, la sivyo zitanasiana na kukwaruzana. Mifuniko usiibane hadi ilie. Ilegeze na kipande cha kitambaa safi kiwe katikati, chombo kipumue.

Dumu la kioo la lita 19 lina uzito wa kama kilo 6 likiwa tupu, na likijaa hukaribia kilo 25. Lisafiri tupu. Usilinyanyue kwa shingo, mkono mmoja uwe chini ya kitako. Liweke ndani ya kreti, blanketi chini na pembeni, na maandishi ya KIOO pande zote nne. Likiwa limelowa usilishike kabisa kwa mikono mitupu: huteleza, na likivunjika vipande vyake hukata mishipa. Mimi mwenyewe nilishaacha kioo nikahamia plastiki na chuma, na sijajuta.

Haidromita, kile kipimo cha kioo cha uzito wa bia, iingie kwenye mrija wake, pamba juu na chini, kisha ndani ya soksi nene, kisha uibebe mwenyewe. Isiingie kwenye mzigo. Hamira na hopsi zisafiri kwenye kisanduku cha barafu. Kimea kikae kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Hatua ya 6: Mtungi wa gesi

Kaboni dayoksaidi, gesi ya kusukumia bia ya kegi, ndani ya mtungi kwa sehemu kubwa ni kimiminika. Kwa nyuzi 20 presha yake ni takriban baa 57, na joto likizidi nyuzi 31 haibaki kuwa kimiminika, presha hupanda haraka. Kwa hiyo funga vali, toa regyuleta (kidhibiti presha) na uifungashe peke yake, mtungi usimame wima na ufungwe kwa kamba usianguke. Gari liwe na madirisha wazi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haina harufu, na kwenye nafasi iliyofungwa hulewesha na kuua. Usiuache ndani ya gari juani hata kwa saa moja. Wahamishaji wengi hawakubali kubeba mitungi, hivyo ulizia mapema. Njia nyepesi ni kuuhamisha ukiwa mtupu na kuujaza ukishafika.

Hatua ya 7: Ukifika

Toa vyote kwenye maboksi siku za mwanzo, hata kama hutapika kwa miezi miwili. Nusa kila kimoja. Pua yako itakuambia kabla ya macho.

Unga koki, jaza sufuria maji baridi, iache saa moja juu ya karatasi kavu. Karatasi itaonyesha pale panapovuja. Kegi ipake oringi mafuta ya kulainishia ya chakula, ijaze gesi, upulize povu la sabuni kwenye kila kiungo na utazame viputo.

Haidromita iweke kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, ya joto lililoandikwa kwenye karatasi yake, mara nyingi nyuzi 20. Isome 1.000. Ile karatasi ya ndani huweza kuteleza safarini, ukabaki ukipima uongo kwa miezi. Kipimajoto kijaribu kwenye barafu inayoyeyuka, kisome 0. Ukijaribu pia kwenye maji yanayochemka, kumbuka kwamba kila mita 300 za mwinuko hupunguza kama nyuzi 1. Pengo kati ya roli za kinu lipime upya, maana skrubu hulegea kwa mtikisiko.

Kisha maji. Hiki ndicho kitu pekee kwenye bia yako ambacho hukuhama nacho. Yanaweza kuwa na klorini au kloramini kuliko uliyoyazoea. Klorini hutoka kwa kuchemsha, kloramini ni sugu. Kidonge kimoja cha metabisalfaiti hutosha takriban lita 75, na kinamaliza zote mbili kwa dakika chache.

Kwa upishi wa kwanza pika bia uliyoipika mara nyingi, ile ambayo ladha yake unaijua hata ukiwa umefumba macho. Takasa kila kitu upya asubuhi ya kupika. Bia ikitoka tofauti na ulivyoizoea, vyombo umeshavikagua. Anza kuchunguza kwenye maji.