SOMO: Siku 21 za kemo nyumbani – kalenda, zamu, na homa isiyosubiri asubuhi

Wakuu, salaam. Kila wiki naulizwa yaleyale kuhusu kemo, yaani dawa kali za saratani: mama anatapika nimpe nini, dada nywele zimeanza kutoka, baba amekataa chakula, homa imepanda nimpe mseto wa malaria? Najibu mmoja, kesho anakuja mwingine na lilelile. Naandika mara moja hapa, na atakayeniuliza tena nitamleta kwenye uzi huu.

Mimi si daktari. Nilitibiwa saratani ya matiti, nikapitia dawa nyekundu (doxorubicin, kemo yenye rangi nyekundu) na baadaye paclitaxel, kemo nyingine, na sasa niko kwenye kikundi cha kina mama hapa Dar tunaowashika mkono wanaoanza. Wengi wetu tulikutana kwenye mabenchi ya Ocean Road, hospitali ya saratani. Daktari na nesi wako ndio wenye neno la mwisho. Mimi nazungumzia zile siku ambazo hawapo, na ndizo nyingi: dripu ni siku moja, zinazobaki ziko nyumbani kwako.

1. Chora kalenda. Siku ya dripu iite siku ya 1. Kwa dawa zinazorudiwa kila baada ya siku 21, mambo huenda hivi kwa wengi: siku 4 au 5 za mwanzo ni kichefuchefu na mwili kulegea. Siku ya 7 hadi ya 14 hivi chembe nyeupe za damu zinakuwa chini kabisa, mwili hauna askari. Kuanzia hapo unarudi kuwa mtu, unacheka, unatamani pilau, halafu dripu nyingine. Kama dawa yako ni ya kila wiki, kalenda ni tofauti, muulize nesi akuchoree. Ibandike nyuma ya mlango, kila mtu wa nyumba aione.

2. Gawa siku kwa watu. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Ndugu na majirani watakuja na kusema "ukihitaji chochote utuambie." Mgonjwa hatawaambia. Ataona aibu, au atakuwa hana nguvu ya kushika simu. Kwa hiyo usipokee "chochote", toa kazi yenye jina na siku. Jirani wa ukuta wa pili: kuchemsha maji siku ya 2 hadi ya 5. Shemeji: sokoni Jumamosi. Kijana wa bajaji: namba yake iandikwe kwenye kalenda, na awe amekubali mapema kuamshwa usiku. Mtu mmoja, si wawili, awe wa simu ya saa tatu usiku. Huyo haulizi "unaendeleaje", maana jibu ni "namshukuru Mungu" na simu imekwisha. Anauliza manne: umekunywa vikombe vingapi vya maji leo? Umekula nini? Umepata choo? Kipimajoto kimesoma ngapi? Anaandika. Baada ya siku kadhaa ataona kitu kinachoharibika kabla mgonjwa mwenyewe hajakubali.

Kisha tafuta mwenza: mgonjwa mwingine ambaye dripu yake haiko wiki moja na yako. Wiki yake nzuri inaangukia kwenye wiki yako mbaya. Anakuletea uji, anakaa nawe, hana haja ya kuelezwa mate ya chuma mdomoni ni kitu gani. Wiki inayofuata unamlipa. Sisi tunachangia pia nauli kwa mtindo wa upatu, anayeanza dripu ndiye anayepokea kwanza.

3. Dawa za kuzuia kutapika zinanywewa kwa saa, si kwa kusikilizia. Ukisubiri kichefuchefu kifike, utakitapika na kidonge chenyewe. Ondansetron, mojawapo ya dawa hizo, hufunga choo, kwa hiyo maji, papai na kutembea vianze siku hiyohiyo. Deksamethasoni, nyingine ya kuzuia kutapika, hunyima usingizi, muulize daktari kama unaweza kunywa asubuhi.

4. Chakula: kidogo, mara nyingi, kisicho na harufu kali. Kitunguu kikikaangwa ndani, siku imeharibika. Jiko lipelekwe nje, upande upepo usikoleta harufu chumbani. Chakula kilichopoa kinanuka kidogo kuliko cha moto. Uji wa ulezi wenye ndimu, mtori mwepesi, viazi vitamu, yai lililochemshwa likakauka, ukwaju kidogo wa kuamsha ulimi. Nyama ikiwa na ladha ya chuma, acha, kula maharage au samaki, na tumia kijiko cha plastiki au cha mti. Maji yachemshwe, maziwa yachemshwe, matunda umenye mwenyewe kwa mikono iliyonawa. Kachumbari ya mtaani na juisi ya barabarani utazikuta dawa zikiisha.

5. Mdomo. Mswaki laini, na sukutua mara nne au tano kwa siku: robo kijiko cha chai cha bikaboneti na chumvi kidogo kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Ukiona utando mweupe ulimini, nenda kliniki, ni fangasi na wana dawa yake.

6. Saa 48 baada ya dripu matapishi, mkojo na kinyesi vina dawa. Anayesafisha avae glovu, mashuka yafuliwe peke yake, choo kifunikwe kabla ya kumwaga maji. Mjamzito asiifanye kazi hiyo. Mkojo mwekundu siku moja au mbili baada ya dawa nyekundu ni rangi ya dawa, usishtuke.

7. HOMA. Hapa ndipo nyumba yetu ilipoteleza, na ndiyo sababu hasa ya somo hili. Sisi tumekulia kwenye malaria. Mtu akitetemeka, mkono unaenda kwenye panadoli na mseto kabla akili haijafika. Kwa mtu wa kawaida labda atapona. Kwa mtu aliye siku ya 10 ya kemo, homa inaweza kuwa bakteria wameingia kwenye damu na hakuna chembe za kuwazuia. Anaweza kuongea vizuri saa mbili usiku na alfajiri yuko mahututi. Panadoli ndiyo inayokudanganya zaidi: inashusha joto, jasho linamtoka, nyumba nzima inalala ikiamini amepata nafuu, kumbe kilichoshuka ni namba tu na maambukizi yanaendelea.

Kwa hiyo:

Nunua kipimajoto cha betri kabla ya dripu ya kwanza. Mkono kwenye paji la uso si kipimo. Pima asubuhi na jioni, na kila anaposema anasikia baridi.

Ikisoma 38 au zaidi mdomoni, ni hospitali, saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Cha kwapani husoma chini kidogo, kwa hiyo 37.5 ya kwapani tayari ni ya kupiga simu. Akitetemeka au akichanganyikiwa bila homa, nenda vilevile. Usipime kwa njia ya haja kubwa.

Usimpe panadoli kabla ya kupima na kuongea na hospitali. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini kwa kujiamulia, chembe zinazogandisha damu nazo ziko chini. Usimpeleke duka la dawa "akachomwe sindano ya homa."

Ukifika mapokezi usiseme "ana homa", utapangwa foleni ya homa. Sema: "Yuko kwenye kemo, dripu ilikuwa tarehe fulani, ana homa." Onyesha kadi. Wapime malaria, ndiyo, lakini wapime na wingi wa chembe za damu, na antibayotiki ya mshipa isisubiri majibu yote. Miongozo inalenga dozi ya kwanza iingie ndani ya saa moja. Kadi, kipimajoto, nauli na chaja ya simu vikae kwenye mfuko mmoja mlangoni.

Mengine ya kwenda bila kusubiri: kutapika siku nzima bila maji kukaa, kuharisha kusikokoma, damu puani au kwenye fizi isiyokatika, kifua kubana.

8. Tembea kila siku, hata ni hadi getini na kurudi. Uchovu wa kemo hauishi kwa kulala mchana kutwa.

9. Nywele hutoka wiki ya pili au ya tatu kwa dawa nyingi za namna hii. Nyoa mapema, tafuta kitambaa cha pamba. Zinarudi.

Karibuni maswali.

---

Kijana wa Ubungo: Mkuu ndefu sana hiyo. Mama anatapika, nimpe nini?

Mwandishi: Hatua ya 3 na ya 4. Zisome, ni mama yako.

Binti Sayuni: Shikamoo dada. Baba yuko 38.4 tangu jana jioni. Dripu ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita. Tumempa mseto leo asubuhi, je tusubiri dozi iishe?

Mwandishi: Marahaba. Usisubiri. Weka simu chini, mpelekeni sasa hivi. Mkifika semeni "yuko kwenye kemo", na mseto mliompa mtaje. Ukifika utuandikie.

Binti Sayuni: Tumefika. Wamemchukua damu, wamemwekea antibayotiki kwenye dripu, wamesema chembe nyeupe ziko chini sana. Malaria hana.

Mwandishi: Asante kwa kurudi kutuambia, mdogo wangu. Mwache apumzike, nawe ule kitu. Kesho waulize kama dripu ijayo itasogezwa au dozi itapunguzwa. Ikisogezwa msione ni kushindwa, ni kawaida.

Mzee wa Miti: Mnawatisha watu. Majani ya mstafeli yanamaliza saratani bila hayo mateso yote, hospitali hawataki mjue.

Mwandishi: Haijathibitishwa kwa binadamu kwamba majani ya mstafeli yanatibu saratani. Tumezika watu walioacha dripu katikati wakafuata majani, wakarudi ugonjwa umeshatembea. Anayetumia mitishamba yoyote amwambie daktari wake wazi, kwa sababu ini linalochuja majani ndilo linalochuja na kemo. Sitabishana zaidi ya hapo kwenye uzi huu.

Mama Pacha: Dada, mimi nimemaliza dawa nyekundu, nimeanza paclitaxel. Kutapika kumepungua lakini vidole vinakufa ganzi, kifungo cha shati sikihisi. Ni kawaida? Nataka kuelewa inatokea wapi.

Mwandishi: Swali zuri, Mama Pacha. Paclitaxel inagusa mishipa ya fahamu, na ile mirefu ndiyo inayoanza, kwa hiyo ni ncha za vidole na nyayo. Kwa wengi hupungua miezi kadhaa baada ya dawa kuisha, ila wengine hubaki nayo kiasi. La muhimu: mwambie daktari sasa, usisubiri dripu ya mwisho. Wanaweza kupunguza dozi au kutoa dawa ya maumivu ya mishipa. Nyumbani, vaa viatu vilivyofunga hata ndani, kagua nyayo kila jioni maana unaweza kukanyaga kitu usisikie, maji ya kuoga yajaribiwe kwa kiwiko au na mtu mwingine, na sufuria ya moto ishikwe kwa kitambaa kinene. Vifungo mimi nilivaa madera. Kisu mpe mtu wa zamu.

Mama Pacha: Jana nimejikata na sikujua hadi nikaona damu. Asante, kisu nakikabidhi leo.

Mwana wa Tanga: Bikaboneti ndiyo magadi? Nyumbani tunayo ya kuchemshia maharage.

Mwandishi: Hapana! Magadi ni makali, yataunguza mdomo ambao tayari una vidonda. Nunua ile ya kuokea, iliyoandikwa bikaboneti ya soda. Ukiikosa, maji ya chumvi kidogo yanatosha.

Ustadhi K.: Ramadhani inakaribia, mke wangu anataka kufunga na dripu zinaendelea. Namwelezaje?

Mwandishi: Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kulipa ana fidia ya kulisha maskini. Hilo wewe unalijua kuliko mimi. Mwambie pia kwamba baadhi ya dawa hizi zinataka maji mengi kuosha figo na kibofu. Daktari amweleze, na sheikh anayemheshimu amweleze. Akilisikia kwa wote wawili moyo wake utatulia. Na mfuturishe pamoja na wengine mezani, asijione ametengwa na mwezi.

Ustadhi K.: Allah akulipe. Na samahani kuuliza hapa, tendo la ndoa?

Mwandishi: Usione haya. Akiwa na nguvu na hamu, hakuna ubaya kwa wengi, ila kondomu, na asishike mimba kipindi chote cha dawa. Siku za chembe kuwa chini, au akiwa na vidonda, mwache, mkumbatie tu.

Msukuma Halisi: Nimemleta dada Dar kutoka Shinyanga. Dripu Alhamisi, nataka turudi kwa basi Ijumaa, hela ya kukaa imekwisha.

Mwandishi: Ijumaa atatapika njia nzima. Kama kuna ndugu wa kuwahifadhi, mpe siku nne au tano, lakini muwe mmefika nyumbani kabla ya siku ya 7. Kabla ya kuondoka omba barua yenye majina ya dawa na tarehe, na uulize homa ikipanda huko mwende wapi. Bugando, Mwanza, wana huduma ya saratani. Ulizia kama mizunguko inayobaki inaweza kufanyika huko, itawapunguzia safari.

Mama wa Mwanza: Sisi tulihamishiwa Bugando. Siku ya safari piga picha kadi kila ukurasa. Kadi yetu ilidondokea kwenye basi, picha ndiyo iliyotuokoa. Na dada akifika huku, mimi wiki zangu nzuri zinaanza tarehe 18, naweza kuwa mwenza wake kwa simu.

Msukuma Halisi: Nashukuru sana mama. Dripu yake ijayo ni tarehe 20.

Mwandishi: Basi mmepatana, andikianeni pembeni, namba msiweke hapa. La kupiga picha kadi nitaliongeza kwenye mfuko wa hatua ya 7.