Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua na Kuandaa Gitaa la Besi kwa Bajeti Ndogo

Swali la kwanza ambalo mtu anayejiandaa kununua gitaa la besi anapaswa kujijibu halihusu gitaa lenyewe, bali mahali litakapopigwa. Mpiga besi wa kwaya ambayo tayari ina mikseri na spika kubwa kanisani, mpiga besi wa bendi ya dansi inayozunguka kumbi na sherehe za harusi, na kijana anayejifunza katika chumba cha kupanga ambako ukuta mmoja tu unamtenganisha na jirani, wote watatu wanaweza kutumia gitaa la aina moja, lakini vifaa vya kulitolea sauti havifanani hata kidogo, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Nimewafundisha vijana wa kwaya jijini Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na kosa ninalokutana nalo ni lile lile: mtu anamaliza akiba yake yote kwenye gitaa linalong'aa, kisha anabaki bila waya wa maana, bila nyuzi za akiba na bila fedha ya fundi.

Kwa hiyo, kabla hujaingia dukani Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, gawa fedha ulizonazo katika mafungu kumi. Matano yaende kwenye gitaa, matatu kwenye chombo cha kutolea sauti, moja kwenye waya, mkanda na begi, na fungu la mwisho lisiguswe hadi gitaa lifike nyumbani, kwa kuwa hilo ndilo la nyuzi mpya na la kumlipa fundi atakayeliandaa. Fungu hili dogo ndilo linaloamua kama gitaa litapigika. Gitaa la bei nafuu lililoandaliwa vizuri humshinda mbali ndugu yake wa bei kubwa aliyetolewa kwenye boksi na kupigwa vivyo hivyo.

Kuhusu gitaa lenyewe, msomaji atasaidika kujua kwamba besi nyingi za bei ya chini zinafuata michoro miwili ya kampuni ya Fender ya Marekani: Precision Bass iliyotoka mwaka 1951 na Jazz Bass iliyotoka mwaka 1960. Urefu wa uzi unaopigwa, kuanzia kichwani hadi kwenye daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi upande wa chini, ni inchi 34 katika zote mbili. Precision ina pikapu moja, yaani sumaku zilizozungushiwa waya zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, na tangu mwaka 1957 pikapu hiyo imegawanywa vipande viwili vinavyofutiana mvumo wa umeme. Jazz ina pikapu mbili na shingo nyembamba zaidi kule juu, karibu milimita 38 badala ya 41 au 42, jambo linalowafaa wenye viganja vidogo, lakini ukipunguza sauti ya pikapu moja, mvumo hujitokeza. Kwa anayeanza, tena katika majengo yenye nyaya za umeme zilizounganishwa ovyo, napendekeza aina ya Precision au gitaa lolote lenye pikapu za kufuta mvumo. Squier, Yamaha, Ibanez na Cort zote hutengeneza besi za bei ya chini zinazoaminika, na jina lililoandikwa kichwani lisikushughulishe kuliko hali ya shingo.

Suala la nyuzi nne au tano linahitaji kutulia kidogo, hasa kwa wapigaji wa kwaya. Mwimbishaji huanzisha wimbo katika ufunguo unaofaa koo lake, mpiga kinanda hubonyeza kitufe akahamisha kinanda chote hadi kwenye ufunguo huo bila kubadilisha vidole, lakini mpiga besi hana kitufe kama hicho na analazimika kuhamisha mkono wake mwenyewe. Wimbo ukiangukia Eb (E iliyoshushwa nusu sauti) au D, sauti ya msingi inakuwa chini ya uzi wa E ulioachwa wazi, na ndiyo sababu wengi wanatamani uzi wa tano, ule wa B. Sababu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, uzi huo hutikisika takriban mara 31 kwa sekunde, na katika gitaa la bei ya chini lenye shingo isiyo imara mara nyingi hulegea na kutoa sauti isiyoeleweka, tena spika ndogo haina uwezo wa kuitoa. Kama bajeti ni ya gitaa moja tu, chukua lenye nyuzi nne zilizo imara, na pale wimbo unapodai, teremsha uzi wa E hadi D kwa kuzungusha kikazio chake kilichoko kichwani mwa gitaa.

Ukaguzi wa gitaa ufanywe kwa mikono yako, na ufanywe polepole. Usikubali kununua gitaa la mtumba kwa video uliyotumiwa kwenye simu, kwa kuwa uzi wa E wa besi una hezi 41, yaani hutikisika mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Unachokisikia kwenye simu ni sauti za juu zinazoambatana nayo. Lishike gitaa kama mtu anayelenga bunduki, jicho moja likiwa karibu na mwisho wa bodi, na utazame kando ya shingo hadi kichwani. Shingo inayopinda kidogo kuelekea mbele haina tatizo, kwa sababu imewekewa chuma ndani kinachoweza kuinyoosha. Shingo iliyojisokota, yaani upande wa uzi mnene umeinuka na upande wa uzi mwembamba umelala, iache dukani hata kama unapewa kwa nusu bei. Mimi mwenyewe niliwahi kununua gitaa la namna hiyo kwa kuvutiwa na rangi yake, na mafundi wawili walilirudisha mikononi mwangu wakisema hakuna la kufanya. Baada ya shingo, piga kila uzi kwenye kila freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, ukisikiliza freti inayozima sauti au kuitetemesha. Zungusha vitufe vya sauti huku gitaa likiwa limechomekwa: vikikwaruza, mara nyingi ni vumbi, na fundi redio wa mtaani anaweza kuvisafisha kwa gharama ndogo. Tikisa jeki kwenye tundu lake, kwa sababu tundu lililolegea ni kazi ya dakika tano kwa mwenye chuma cha kuchomelea, lakini ni hoja nzuri ya kuomba punguzo.

Kama gitaa lina betri ya volti 9 mgongoni, ujue kwamba betri huanza kutumika pale tu waya unapochomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Chomoa waya kila unapomaliza, na uwe na betri ya akiba kwenye begi.

Sasa tuje kwenye chombo cha sauti. Anayejifunza chumbani hahitaji zaidi ya amplifaya ndogo ya besi ya wati 15 hadi 40 yenye tundu la hedifoni. Anayepiga pamoja na ngoma za kisasa anahitaji wati 100 au zaidi, kwani sauti za chini hula nguvu nyingi kuliko za juu. Usikubali kuuziwa amplifaya ya gitaa la solo kwa maelezo kwamba zote ni zile zile: spika yake haikutengenezwa kubeba mtikisiko wa besi, na ukiongeza sauti inaweza kuchanika. Kwa mpiga besi wa kwaya yenye mikseri nzuri, ushauri wangu ni asinunue amplifaya kwanza. Anunue kisanduku kinachoitwa DI, ambacho hupokea waya wa gitaa upande mmoja na kutoa sauti upande wa pili kupitia waya wa pini tatu kama ule wa maikrofoni, ili sauti isafiri mita 20 au 30 hadi kwenye mikseri bila kupungua wala kuokota kelele njiani. Kisanduku hicho huchukua nafasi ndogo kuliko tofali, na kile kisichohitaji umeme hudumu miaka mingi.

Wale wanaoletewa vifaa na ndugu walioko Marekani, au wanaonunua mitumba iliyotoka Japani, wasome kibandiko kilicho nyuma ya amplifaya kabla ya jambo lingine lolote. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120 na Japani ni volti 100, wakati Tanzania na Kenya tunatumia volti 230 hadi 240. Amplifaya isiyo na swichi ya kubadilisha volti ikichomekwa moja kwa moja kwenye ukuta wetu huungua, na transfoma ya kushushia umeme inaongeza gharama ambayo mara nyingi haikuhesabiwa.

Gitaa likishafika nyumbani, liache lipumzike siku mbili au tatu kabla ya kulirekebisha, hasa kama limetoka Arusha au Nairobi likaja Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, kwa kuwa mbao hunywa unyevu wa pwani na shingo husogea. Kisha weka nyuzi mpya. Seti ya kawaida huandikwa 45 hadi 105, yaani unene wa nyuzi katika sehemu za elfu za inchi, na nyuzi hizo nne zikikazwa huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, hivyo kubadilisha unene wa nyuzi baadaye kutakulazimu kurekebisha gitaa upya. Zikaze hadi zifike kwenye sauti zake, ndipo upime. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa kidole cha mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, na umwombe mtu apitishe kadi ya mawasiliano chini ya uzi karibu na freti ya saba au ya nane. Nafasi inayotakiwa ni takriban milimita 0.3, karibu sawa na unene wa kadi hiyo: ipite kwa kugusa, isiusukume uzi juu. Nafasi ikizidi, chuma cha shingo kikazwe kwa kuzungushiwa kulia, na kama hakuna nafasi kabisa kilegezwe kwa kuzungushiwa kushoto, robo mzunguko tu kwa mara moja, kisha gitaa lityuniwe tena na kupimwa upya. Ufunguo wa kuzungushia chuma hicho usipoingia sawasawa usilazimishwe, kwa sababu magitaa ya Asia mengi hutumia vipimo vya milimita na mengi ya Marekani hutumia inchi, na nati ikishaliwa ukarabati wake ni mgumu na wa gharama.

Shingo ikikaa sawa, ndipo urefu wa nyuzi urekebishwe kwenye daraja. Kwenye freti ya 12, milimita 2.5 chini ya uzi wa E na milimita 2 chini ya uzi wa G ni pa kuanzia panapofaa wengi. Hatua inayofuata ni kuhakikisha gitaa halipotoki kadiri unavyopanda juu ya shingo: gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, usikie ile sauti nyembamba kama ya filimbi, kisha ubonyeze uzi pale pale na ulinganishe kwa kifaa cha kutyuni. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu, kipande kinachobeba uzi kwenye daraja kirudishwe nyuma. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Kifaa cha kubana kichwani mwa gitaa ni bora kuliko programu ya simu katikati ya mazoezi, kwa kuwa kinasoma mtikisiko wa mbao na hakisumbuliwi na ngoma. Pwani, nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, la sivyo jasho na chumvi ya hewa huzitia kutu ndani ya wiki chache.

Limebaki jambo la umeme, ambalo naliona ni zito kuliko yote. Umeme wetu una hezi 50, na sauti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi wa E ina hezi 49, kwa hiyo mvumo wa umeme mbovu hukaa karibu kabisa na noti ambayo mpiga besi anaitumia kila wakati, na wimbo wa ufunguo wa G husikika kama umetoka nje ya sauti hata vidole vikiwa sahihi. Mvumo unaonyamaza ukishika nyuzi kwa kawaida unatoka kwenye pikapu au kwenye taa na chaja zilizo karibu. Mvumo unaosikika muda wote hata ukishika nyuzi mara nyingi ni wa waya wa ardhini, na dawa yake kamwe isiwe kukata mguu wa tatu wa plagi wala kuingiza nyaya wazi kwenye soketi kwa kijiti, kama nilivyoona ikifanywa kwenye sherehe za uani. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na bodi ya amplifaya kupitia waya. Amplifaya isiyo na waya wa ardhini inaweza kupeleka umeme kwenye nyuzi, na mpigaji aliyezishika akigusa maikrofoni kwa midomo, umeme unapita mwilini mwake. Kabla ya kuanza kupiga mahali pageni, weka testa, ile bisibisi yenye taa ya kupimia umeme, kwenye nyuzi gitaa likiwa limechomekwa na amplifaya ikiwa imewashwa. Testa ikiwaka, zima swichi ya ukutani, chomoa gitaa, na usilishike tena hadi fundi umeme awe ameikagua soketi.