Kanisa Liko Wapi Ndani ya Chuo? Namna ya Kuchagua Chuo Kidogo cha Kanisa Nchini Marekani

Marekani ina mamia ya vyuo vidogo vilivyoanzishwa na makanisa, vingi vikiwa na wanafunzi wasiozidi elfu tatu, ambavyo hutoa elimu iitwayo ya sanaa huria: mwanafunzi huchagua fani kuu moja, iwe kemia, historia au uchumi, lakini hulazimika kupitia pia fasihi, falsafa, sayansi, lugha na mara nyingi masomo ya dini kabla ya kutunukiwa shahada. Vipeperushi vya vyuo hivi vinafanana mno. Kila kimoja kina picha ya profesa aliyeketi nyasini na wanafunzi watano, na neno "jumuiya" limerudiwa mpaka limechuja. Kwa sababu hiyo ni vyema kuanza na swali ambalo kipeperushi hakilijibu: kanisa liko wapi hasa ndani ya chuo hiki?

Jina la dhehebu peke yake halitoshi kulijibu. Katika mji mdogo wa Northfield, Minnesota, kuna vyuo viwili: Carleton, kilichoanzishwa na Wakongregesheni, dhehebu la Kiprotestanti, mwaka 1866 na ambacho leo hakifungamani na kanisa lolote, na St. Olaf, kilichoanzishwa na Walutheri kutoka Norway mwaka 1874 na ambacho bado ni chuo cha Kilutheri. Earlham cha Indiana, kilichoasisiwa mwaka 1847 na Wakweka, yaani Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, kinaendelea na desturi yao ya kutafuta maafikiano badala ya kupiga kura, ingawa wengi wanaosoma hapo si Wakweka. Kwa upande mwingine, Wheaton cha Illinois hakimilikiwi na dhehebu lolote, na bado wanafunzi na wafanyakazi wake hukubali kwa maandishi agano la mwenendo linalogusa maisha yao ya kila siku. Uhusiano na dhehebu ni jambo moja, uzito wa dini katika maisha ya chuo ni jambo jingine, na anayevichanganya hujikuta mahali asipopatarajia.

Uzito huo hupimwa katika kitabu cha mwongozo wa wanafunzi, ambacho vyuo vingi hukiweka wazi kwenye tovuti zao. Kisome chote, hasa sehemu ya nidhamu. Tazama kama ibada ni ya hiari au ya lazima, na kama ni ya lazima, mahudhurio yanahesabiwaje na anayekosa hufanywa nini. Tazama kanuni za pombe, za wageni bwenini na za mahusiano ya kimapenzi. Kisha uliza kama walimu wanatakiwa kutia saini tamko la imani, kwa kuwa sharti hilo huamua nani atakufundisha na nini kinaweza kujadiliwa darasani. Fahamu pia kwamba sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ina msamaha kwa taasisi zinazoongozwa na mashirika ya dini pale sheria hiyo inapopingana na mafundisho yao. Mwanafunzi Mwislamu, Mkatoliki katika chuo cha Kiprotestanti au asiye na dini aulize waziwazi wenzake wa aina yake wanaishije hapo. Chuo kinachojiamini hakitaudhika na swali hilo.

Masomo ya dini nayo yasomwe kwa jicho la karibu. Kozi inayoitwa "Utangulizi wa Biblia" inaweza kuwa uchambuzi wa maandiko kama nyaraka za kale, au inaweza kuwa mafundisho ya kumjenga muumini. Zote mbili ni halali, ila si kitu kimoja, na muhtasari wa kozi pamoja na orodha ya vitabu vyake utakuonyesha upesi uko wapi.

Udogo wa chuo una faida ya kweli: profesa anakufahamu kwa jina, na barua atakayokuandikia baadaye itakuwa na maneno ya mtu anayekujua. Hasara yake huonekana katika ratiba. Idara yenye walimu wawili ikimpa mmoja likizo ya utafiti, nusu ya kozi huahirishwa. Usiridhike, basi, na orodha ya kozi zinazotangazwa. Omba ratiba za mihula minne iliyopita, uzisome sambamba na orodha hiyo, uone ni kozi zipi za fani yako zilizofundishwa kweli. Ni kazi ya saa moja, na kwa maoni yangu inafaa kuliko ziara nzima ya kutembezwa chuoni. Ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa ubora wa elimu ya chuo, haihitaji maneno mengi: ikiwa chuo hakina ithibati ya chombo kinachotambuliwa na Idara ya Elimu ya Marekani, achana nacho.

Jambo ambalo familia nyingi hulisahau ni uhai wa chuo chenyewe. Iowa Wesleyan, kilichoanzishwa mwaka 1842 na kuhusiana na Wamethodisti, kilitangaza Machi 2023 kwamba kinafungwa, na ilipofika mwisho wa Mei kikawa kimefungwa. Mwaka uliofuata Birmingham-Southern cha Alabama, nacho cha Kimethodisti, kilifuata kalenda ileile: tangazo Machi, kufungwa Mei, baada ya kuhangaikia mkopo wa serikali ya jimbo bila mafanikio. Mwanafunzi wa mwaka wa pili katika hali hiyo hubaki na wiki chache za kutafuta chuo kitakachopokea alama zake. Ili kujikinga, tazama idadi ya wanafunzi kwa miaka mitano mfululizo, ukubwa wa mfuko wa wakfu (akiba ambayo chuo kimeiwekeza), na alama ya uwezo wa kifedha ambayo Idara ya Elimu huvipa vyuo binafsi, inayoanzia hasi 1.0 hadi 3.0. Alama ya 1.5 kwenda juu huhesabiwa kuwa salama. Chini ya hapo, uliza maswali.

Sasa fedha. Ada iliyotangazwa mara nyingi siyo inayolipwa, kwa sababu vyuo hivi hutoa punguzo kubwa na kuliita ufadhili. Tuseme gharama yote kwa mwaka, pamoja na chumba na chakula, ni dola 59,000, na barua ya chuo inaorodhesha ufadhili wa dola 28,000, ruzuku 4,000, mkopo 5,500 na kazi ya chuoni 2,500, kisha inahitimisha kwamba umebakiza 19,000. Hesabu hiyo inapotosha. Mkopo ni deni, na mshahara wa kazi hauji mpaka uwe umeifanya kazi yenyewe. Unachodaiwa hasa ni dola 27,000. Mwanafunzi kutoka nje ya Marekani azingatie pia kwamba misaada ya serikali ya shirikisho kwa kawaida haimhusu, na kwamba kabla ya viza ya masomo ataombwa kuthibitisha kuwa ana fedha za kutosha. Wenye ushirika wa karibu na dhehebu waulize kama chuo huongeza fedha sawa na zile ambazo usharika wao utamchangia mwanafunzi. Baadhi ya vyuo hufanya hivyo bila kulitangaza sana. Berea cha Kentucky ni cha pekee, kwa kuwa hakijatoza ada ya masomo tangu mwaka 1892, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa kumi kwa wiki.

Kabla ya kulipa amana ya kushikilia nafasi, ambayo kwa vyuo vingi hutakiwa kufikia Mei 1 na kwa kawaida hairudishwi, andikia ofisi ya fedha barua pepe fupi yenye maswali matatu: ufadhili huu ni wa miaka yote minne au wa mwaka wa kwanza tu, wastani gani wa alama unahitajika ili usipotee, na ada ikipanda, ufadhili utapanda nayo? Majibu yake yahifadhiwe pamoja na barua ya udahili.