Kabla hujaandika tarehe kwenye skripti: mambo ya kuzingatia mwaka wa fedha unapofungwa

Mwaka wa fedha wa Serikali unaisha 30 Juni, na mpya unaanza 1 Julai. Kwa anayetunza seva kwenye ofisi yoyote hapa Dodoma, hizo ndizo siku ambazo skripti (faili la amri ambazo kompyuta inazitekeleza yenyewe) iliyoandikwa harakaharaka huzaa faili zenye tarehe za kubishaniwa. Amri ya `date`, inayotoa tarehe na saa ya mashine, ni fupi, lakini kabla ya kuiandika inafaa uamue mambo kadhaa, maana tarehe ikishabandikwa kwenye ripoti watu huiamini.

Anza na swali la saa ya wapi. Seva nyingi za kukodi huja zikifuata UTC, yaani saa ya marejeo ya kimataifa, na Tanzania iko saa tatu mbele, mwaka mzima bila kubadilika. Kwa hiyo ripoti iliyotolewa saa saba usiku wa kuamkia 1 Julai itaandikwa 30 Juni, yaani itaingia kwenye mwaka uliokwisha. Juu kabisa ya skripti weka `export TZ=Africa/Dar_es_Salaam`. Usiandike `Africa/Dodoma` kwa sababu tu ndiko uliko: jina hilo halimo kwenye orodha ya kanda za saa, na Linux ya kawaida haitalalamika. Itarudi kimyakimya kwenye UTC, nawe utadhani mambo yamenyooka.

Pili, mpangilio. Kwa jina la faili tumia `date +%F`, inayotoa mwaka, mwezi, siku, kama 2025-07-01. Faili zitajipanga zenyewe kwa mfuatano. Epuka `%D`, maana inatanguliza mwezi kwa mtindo wa Marekani na kuweka mikwaju (/) ambayo kompyuta inaisoma kama njia ya folda. Ukitaka na saa, andika `%H%M%S` bila nukta mbili, kwani Windows haizikubali kwenye majina ya faili. Angalia pia herufi kubwa na ndogo: `%m` ni mwezi, `%M` ni dakika. `%G` nayo si `%Y`. Inahesabu mwaka kwa wiki, hivyo 30 Desemba 2024 kwake ni 2025.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, iko kwenye tarehe zinazoingia. Sisi tukiandika 01/07/2025 tunamaanisha 1 Julai. Ukiipa amri ya `date -d` ya Linux, inasoma 7 Januari, na haitoi onyo lolote. Ikifika 13/07/2025 ndipo inakataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Maana yake siku 12 za kwanza za kila mwezi zinapita bila kelele, na zote zinageuzwa isipokuwa ile ambayo siku na mwezi vina namba moja, kama 07/07. Usiiachie mashine ikisie. Tenganisha mwenyewe:

`IFS=/ read -r siku mwezi mwaka <<< "$tarehe"`

kisha tumia `"$mwaka-$mwezi-$siku"`.

Hesabu za tarehe zina mitego yake. Ukiomba `date -d "2025-03-31 -1 month"` unapata 3 Machi, kwa kuwa 31 Februari haipo na siku zilizozidi zinasogezwa mbele. Ukitaka mwezi uliopita, anzia tarehe 15 ndipo urudi nyuma. Bash, programu inayoendesha skripti hizi, nayo inachukulia namba inayoanza na sifuri kuwa ya msingi wa nane, kwa hiyo 08 na 09 zinaleta kosa. Skripti iliyofanya kazi vizuri Julai inakwama Agosti. Andika `$((10#$mwezi))` na utakuwa umemaliza.

Chukua saa mara moja tu, mwanzoni: `sasa=$(date +%s)` (`%s` ni saa kwa hesabu ya sekunde), halafu kila unapohitaji tumia `date -d "@$sasa" +%F`. Ukiita `date` upya kila mahali, kazi inayovuka saa sita usiku itatoa jina la faili la leo na kichwa cha ripoti cha jana. Kwenye crontab, yaani orodha ya kazi zinazojiendesha kwa ratiba, kila `%` itanguliwe na `\`, la sivyo amri inakatwa hapo. Na kwa wenye macOS, `-d` haifanyi kazi hivi. Huko wanatumia `-v` na `-r`.

Limebaki la ujumbe unaotumwa kwa watu. Ukimwandikia mhasibu kwamba mfumo utazimwa "saa 2", ataelewa saa mbili ya Kiswahili, yaani 08:00 au 20:00, na atakuwa sahihi. Kosa ni la skripti iliyotoa 02:00 bila maelezo. Namba za mashine zibaki kwenye faili. Kwa mtu, geuza:

`s=$(( (10#$(date -d "@$sasa" +%H) + 6) % 12 )); [ "$s" -eq 0 ] && s=12`

Hapo 07 inakuwa 1, na 18 inakuwa 12. Ongeza neno la wakati, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na kwa saa za baada ya saa sita usiku andika "usiku wa kuamkia Jumanne", kwa sababu "Jumanne usiku" kwa wasomaji wako ni usiku mwingine kabisa.