Bafu la vigae linavuja: silikoni iache kwanza kwenye mkoba

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Fundi, njoo na silikoni, bafu la juu linadondosha maji sebuleni." Silikoni, ile gundi ya kuzibia mianya inayobaki laini kama mpira, naibeba, ila siku ya kwanza haifunguliwi.

Hatua ya 1. Funga koki zote, soma mita ya maji, kaeni saa nzima bila mtu kugusa maji, kisha soma tena. Namba zikisogea, bomba ndilo linalovuja. Mwite fundi bomba.

Hatua ya 2. Mita imetulia? Ziba tundu la maji sakafuni, jaza maji kina cha sentimita 2 hivi yasivuke kizingiti, bandika kipande cha utepe usawa wa maji, uache saa 24. Maji yakishuka na dari ya chini ikalowa, sakafu ndiyo mbovu. Yasiposhuka, zibua tundu: dari ikianza kudondosha wakati huo, kagua maungio ya bomba la maji machafu. Bado pakavu? Mwagia kuta maji ya shawa, ukuta mmoja mmoja, kwa robo saa. Wengi huruka hatua hii, halafu wanaziba pasipovuja.

Hatua ya 3. Gonga vigae kwa sarafu. Kinacholia kama debe tupu kimeachia. King'oe ukibandike upya.

Hatua ya 4. Kwangua grauti (saruji laini inayojaza nafasi kati ya vigae) iliyopasuka hadi thuluthi mbili za unene wa kigae. Ukipaka mpya juu ya kuukuu, itabanduka tu. Ondoa vumbi, shindilia grauti kwa kipande cha mpira, futa kwa sponji iliyokamuliwa, subiri siku nzima.

Hatua ya 5. Kwenye kona, ukuta kwa ukuta na ukuta kwa sakafu, usiweke grauti. Jengo hutanuka na kusinyaa, na grauti ngumu haivumilii hilo. Hapa ndipo pa silikoni. Toa ya zamani yote kwa wembe, maana mpya haishiki juu yake. Futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Huku Dar wakati wa masika mimi huacha siku mbili feni ikipuliza. Bandika utepe wa karatasi pande mbili, jaza, lainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, bandua utepe kabla haijaganda. Silikoni inayonuka siki usiitumie kwenye jiwe halisi la marumaru, asidi yake hulila.

Hatua ya 6. Kesho yake rudia jaribio la hatua ya 2. Sakafu ikivuja tena, vunja vigae, paka dawa ya kuzuia maji mikono miwili, yaani tabaka mbili, ipande na ukutani, ujaribu kwa maji kabla ya kubandika vipya. Mwenye nyumba mmoja nilimzibia mara tatu kabla sijakubali kuvunja. Chini ya vigae tulikuta zege tupu.