Kukagua Supachaja ya Roots Kwenye Magari Madogo ya Mashindano ya Uingereza ya Miaka ya 1930

Supachaja ni pampu inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Gari la MG K3 la 1933 lilitoka kiwandani na supachaja ya Powerplus, ambayo ni ya mapanga. Mwaka 1934 likawekewa Marshall ya aina ya Roots, yaani yenye rota mbili zinazozunguka pamoja ndani ya kasha. Gari la ERA la 1488 cc nalo lilitumia Roots, iliyobuniwa na mhandisi Murray Jamieson. Maelezo haya ni ya Roots tu. Ya mapanga ina ukaguzi wake.

Rota mbili za Roots hazigusani kamwe. Gia za pembeni ndizo zinazozitenganisha. Kwa hiyo uzima wote wa mashine umo katika nafasi ndogo zilizobaki. Ukishaifungua, zungusha rota kwa mkono polepole, ukipima kwa filageji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) kila robo ya mzunguko. Nafasi kati ya rota na rota ikibana upande mmoja na kupanuka upande wa pili, gia zimelika au zimefungwa vibaya. Rota ikikaribia ukuta upande mmoja, shuku beringi. Usiibane mashine ukidhani utapata presha zaidi: rota hupata moto kuliko kasha linalopozwa na upepo, hutanuka, na nafasi iliyotosha ikiwa baridi huisha katikati ya mbio.

Geji ya presha itakuonyesha mengi. Ikisoma chini kwenye mizunguko midogo lakini ikapanda vizuri injini ikikimbia, hewa inavuja kupitia rota zilizolika, kwa sababu kwenye kasi ndogo hewa ina muda mrefu wa kurudi nyuma. Ikipungua kwenye mizunguko mikubwa, tazama gasketi za manifoldi (bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye silinda), springi ya valvu ya usalama na kabureta. Valvu ya usalama usiizibe hata siku moja. Kabureta iko kabla ya supachaja, hivyo manifoldi nzima imejaa mchanganyiko unaoweza kulipuka; moto ukirudi nyuma bila pa kutokea, kasha hupasuka.

Sasa mafuta, maana hapa ndipo pistoni nyingi hutobokea. Kwa uzito, petroli huungua kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa mafuta 1, na methanoli (alkoholi inayotumika kama mafuta ya mbio) 6.4 kwa 1. Ukihamia methanoli, ujazo unaohitajika ni zaidi ya mara mbili. Kubadilisha jeti (vitundu vya kupitishia mafuta kwenye kabureta) pekee hakutoshi: pampu, mabomba na valvu ya chemba ya boya lazima vipitishe kiasi hicho. Chomoa bomba kwenye kabureta, jaza chombo kwa dakika moja, upime. Kwa ERA yenye nguvu za farasi 150 hivi, chini ya lita 2 usiiwashe. Anza na mafuta mengi, kisha punguza kidogo kidogo. Methanoli ya ziada hupoza tu, hewa ya ziada huyeyusha pistoni. Rangi ya plagi isikudanganye, kwani methanoli haiachi alama kama petroli.

Moto wa methanoli hauonekani vizuri mchana, na mvuke wake ni sumu. Baada ya mbio ondoa methanoli yote, kisha endesha injini kwa petroli kidogo bila kuikimbiza: methanoli hunyonya maji na kula alumini. Mwaga pia oili, kwa kuwa methanoli iliyopita kwenye ringi za pistoni imeshaichafua.