Jinsi ya kuomba ruhusa ya kumwaga majivu ya marehemu Marekani: hifadhini na baharini

Tiketi ziwe jambo la mwisho kununua. Mimi nilifanya kinyume. Mume wangu alifariki Novemba, na Januari nilikuwa nimeshawakatia watoto na mama mkwe tiketi za Colorado, ndipo shemeji akauliza, "Kibali tunacho?" Hatukuwa nacho. Kubadilisha tarehe za watu watano kulinigharimu karibu sawa na tiketi zenyewe.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa mzaliwa wa jimbo la Maine. Aliacha ameandika kwa mkono wake kwamba achomwe, nusu ya majivu iende Rocky Mountain, hifadhi ya taifa iliyoko Colorado, aliponichumbia, nusu imwagwe baharini nje ya Portland, bandari ya huko Maine, alikokuwa akivua na babake. Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Kwetu mtu analala nyuma ya nyumba, karibu na migomba, na wajukuu wanapita hapo kila siku wakienda kuchota maji. Nilipompigia baba kumweleza alinyamaza, halafu akasema, "Sasa mwanangu, kaburi lake litakuwa wapi?" Nikamwambia mtandao unasumbua.

Kwanza, ujue umebeba nini

Majivu ya mtu mzima hayafanani na ya jikoni. Ni kama mchanga wa chengachenga, mweupe wa kijivu, kilo mbili hadi tatu hivi, na yanajaza chombo cha lita tatu. Ndani ya mfuko utakuta kisahani cha chuma kama sarafu, kimegongwa namba. Namba hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba majivu uliyonayo ni ya mtu wako, kwa hiyo usikitupe. Mimi nilikiona nikadhani ni kifungo cha koti lake.

Kama mnagawa, waombe waliosimamia mazishi wawagawie. Wanaifanya kazi hiyo kila wiki. Ukiamua kugawa mwenyewe, fanya nyumbani mezani, madirisha yakiwa yamefungwa.

Omba nakala tano au sita za cheti cha kifo zenye mhuri, maana benki na bima watazimaliza, pamoja na hati ya kuchoma mwili. Hati hii ndiyo unayoweza kuulizwa njiani.

Hifadhi ya taifa

Kanuni za serikali kuu (36 CFR 2.62) zinakataza kumwaga majivu ya binadamu ndani ya hifadhi ya taifa, isipokuwa kwa kibali au katika sehemu ambazo mkuu wa hifadhi amezitenga. Hakuna fomu moja ya nchi nzima. Ingia nps.gov, fungua ukurasa wa hifadhi yako, tafuta sehemu ya vibali. Ada zinatofautiana, kwa hiyo usikariri ya jirani.

Fomu nyingi zinataka jina na anwani yako, jina la marehemu, tarehe na saa, idadi ya watu, na mahali. Hapo kwenye mahali ndipo wengi wanakwama. Usiandike "mlimani". Taja njia ya miguu au bonde, na umbali kutoka barabarani. Kama hujui, piga simu uulize kabla ya kujaza. Sisi tulitaka juu kabisa, kwenye Trail Ridge Road, barabara inayopanda hadi mita 3,713. Afisa aliyepokea simu akaniuliza swali moja tu: mgeni mwenye umri mkubwa kuliko wote ana miaka mingapi? Themanini na moja, nikasema. Akanielekeza kwenye msitu wa chini, ambako mama mkwe angeweza kufika kwa fimbo yake bila kukosa pumzi. Tena barabara ile ya juu hufungwa kwa theluji majira ya baridi, na kwa kawaida haifunguliwi mpaka mwishoni mwa Mei.

Peleka maombi mapema. Wiki sita ni muda mzuri, na kiangazi ongeza. Kibali kikija, kisome chote. Masharti ya kawaida ni haya: mkae mbali na mito, maziwa, njia na majengo, majivu yatawanywe, yasiachwe rundo, msizike chochote, msiache msalaba, picha wala maua ya plastiki. Kichapishe ukibebe mkononi, kwani huko juu simu haishiki.

Halafu upepo. Simameni ukiwa mgongoni mwenu na mmwage chini, usawa wa magoti. Mwanangu wa kiume hakungoja kuambiwa, na suruali yake nyeusi ilirudi nyumbani nyeupe. Bibi yake akacheka mpaka akakaa chini. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba.

Kwenye ndege

Beba majivu kwenye mzigo wa mkononi, na uliulize shirika la ndege masharti yake kabla ya siku ya safari. Chombo lazima eksirei ipenye: mbao nyepesi, karatasi ngumu au plastiki. Mashine isipoona ndani, chombo hakipiti, na wakaguzi hawatakifungua hata ukiwaomba wewe mwenyewe. Kile cha shaba kizuri mlichonunua kiacheni nyumbani.

Ndugu aliye mbali akitaka sehemu yake, ni posta ya serikali tu, USPS, kwa huduma ya Priority Mail Express na katika boksi lao maalumu la majivu.

Baharini

Huku mambo ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Shirika la mazingira la serikali, EPA, lina kibali cha jumla ambacho tayari kimetolewa kwa kila mtu, kwa hiyo huombi kitu kabla ya kwenda. Unatakiwa tu kufuata masharti. Mashua ifike angalau maili tatu za baharini kutoka nchi kavu, yaani kilomita tano na nusu. Maua na mashada yawe ya kuoza, bila waya wala plastiki. Majivu yawe ya binadamu peke yake. Shemeji alikuja na kikopo cha majivu ya mbwa waliyelelewa naye, akitaka wachanganywe. Hairuhusiwi, na ilibidi nimwambie mimi. Ziwa na mto havimo kwenye kibali hiki. Hivyo ni vya jimbo, uliza huko.

Mwambie nahodha mapema shughuli ni ya nini. Anapozima injini, mwombe akusomee namba za mahali mlipo na kina cha maji, uziandike papo hapo.

Utazihitaji, kwa sababu ndani ya siku 30 lazima utoe taarifa kwa ofisi ya EPA ya kanda yenye bandari mliyotokea. Kwetu, Portland, kanda ni ya Boston. Inajazwa kwenye intaneti: jina la marehemu, tarehe, bandari, mashua, kina, latitudo na longitudo. Dakika kumi imekwisha. Hifadhi nakala.

Nilipomaliza kujaza nilimpigia baba Lushoto. Safari hii sikusingizia mtandao. Nikamsomea latitudo, kisha longitudo, tarakimu moja moja, naye akazirudia ili asikosee. Alikuwa anaziandika nyuma ya kitabu chake cha nyimbo, chini ya tarehe za ubatizo wa wajukuu. Akaniuliza kama hapo pana kina kirefu. Nikamtajia.